Siku ya Kutopiga Mswaki

Fundi wa mageti alimsikia mke wake akicheka kabla hajafika nyumbani. Alisimama njiani, mfuko wa vifaa begani. Sauti ilikuwa ya mke wake, ila kicheko hakukitambua. Kwa miaka mingi mke wake alicheka kwa pua tu, kiganja kikiwa mdomoni, kama mtu anayezuia kikohozi watu wakiwa katikati ya sala. Hiki kilitoka mdomo wazi, kikapanda ukuta, kikamkuta barabarani.

Alisukuma geti alilolichomelea kwa mikono yake mwenyewe. Mke wake alikuwa kibarazani kwenye cherehani, gauni la mteja limemjaa mapajani. Mama yake fundi alikaa pembeni anachambua maharage. Mtaa mzima ulimwita Bibi Kibogoyo, na yeye aliitika bila kinyongo, kwa kuwa jino la mwisho lilimtoka siku nyingi zilizopita na hakuona sababu ya kubishana na ukweli.

"Kuna nini cha kuchekesha?" aliuliza fundi.

"Mama huyu," alisema mke wake, akijifuta machozi. "Anasema siku akipata meno ya bandia, wa kwanza kung'atwa ni jirani mwenye jogoo."

"Jogoo mwenyewe nitamsamehe," alisema Bibi Kibogoyo. "Yeye hana akili."

Mke akacheka tena. Fundi aliyaona meno yake yote ya mbele, safi, na fizi za rangi ya afya zimeyashika. Alijisikia kama mtu aliyekuta sebuleni kwake kiti kipya ambacho hakukinunua.

"Na wewe ndiyo ukafungua mdomo hivyo mpaka barabarani wasikie?"

"Hivyo vipi, baba watoto?"

Fundi alitua mfuko wa vifaa. Aliingia ndani kunawa.

Mke wake alikuwa kwenye utafiti wa hospitali ya meno. Alikuwa na kisukari, na fizi zake zilikuwa zikitoa damu hata akila mkate laini. Watafiti walitaka kujua kama mgonjwa wa kisukari akisafishwa fizi mpaka chini kwenye mizizi, sukari yake nayo itatulia. Walipiga kura. Wengine wangesafishwa sasa, wengine wangengoja mpaka mwakani, ili walinganishwe. Kura yake ilisema sasa. Siku ile fundi alifurahi kuliko hata mgonjwa mwenyewe, kwa sababu tiba ilikuwa ya bure. Furaha hiyo ikaisha kidogo kidogo, na kila ilipopungua, maneno yaliyoipunguza yalikuwa yale yale: daktari amesema.

Daktari amesema burashi ngumu inachubua. Daktari amesema sukari imeshuka, anafurahi sana. Daktari amesema meno haya mawili yaliyokuwa yanacheza yamekaza, tusiyaharakishe. Fundi alijiuliza ni mwanamume gani huyu anayefurahi sana kwa sababu ya mke wa mtu, na hao wasioharakisha ni yeye na nani.

Jambo la kitandani hakumwambia mtu yeyote. Tangu utafiti uanze, mke wake alipolala aliugeuzia uso ukuta. Fundi alilala akiutazama mgongo wake, na ulimi wake ukienda wenyewe kwenye jino lake la mbele la chini, ukilisukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka usingizi umchukue.

 

Simu iliita siku moja jioni, mke akiwa amekwenda mtaa wa pili kupeleka gauni. Aliiacha ikichajiwa juu ya cherehani. Fundi aliipokea ili kumwambia mpigaji kwamba mwenyewe hayupo. Kabla hajafungua mdomo, sauti ya mwanamume, ya upole, ilitangulia.

"Habari za jioni, mama. Kesho usisahau. Na vipi, umeshazungumza na mumeo, au bado unamwogopa?"

Fundi aliibana simu sikioni.

"Haloo? Usimwache gizani zaidi, mama. Mtu mzima huyo, ataelewa."

Alikata simu. Aliirudisha juu ya cherehani palepale ilipokuwa, uso chini, kama mwizi anayerudisha kitu. Masikio yake yalikuwa ya moto. Kibanda chake cha kazi kilijaa miali na kelele za vyuma, na humo hakuwahi kuogopa chochote, lakini sauti ile ya upole ilimwogopesha.

Mke wake aliporudi alimkuta amesimama mlangoni.

"Daktari wako amepiga."

"Amesema nini?"

"Ameuliza kama umeshazungumza na mimi, au bado unaniogopa."

Mke alikishika kitanzi cha mkoba wake kwa mikono miwili. Kisha akafanya kosa dogo ambalo lilimtosha mumewe kama ushahidi: aligeuka akatazama mlango wa jikoni, ambako Bibi Kibogoyo alikuwa akikoroga sufuria, na sufuria yenyewe ilikuwa imenyamaza.

"Nitakuambia," alisema kwa sauti ya chini. "Si sasa."

"Lini? Mkimaliza kupanga?"

"Kupanga nini? Baba watoto, nakuomba. Si mbele ya mama."

"Lisiloweza kusemwa mbele ya mama yangu nalijua ni la namna gani."

"Hulijui."

"Basi kesho huendi."

Hapo mke alimtazama usoni. "Kesho ndiyo kipimo. Nikikosa kesho, natolewa. Wana watu wengi wanangoja nafasi yangu. Haya meno mawili wameyakamata kwa shida, na usafishaji wa mwisho ni baada ya kipimo cha kesho. Unataka nirudi kula uji na mama?"

"Uji una ubaya gani?" ilisema sauti jikoni.

"Hauna ubaya, mama," alisema mke. "Ila wewe hukupewa nafasi ya kuchagua."

Chakula kililiwa bila maneno. Fundi alitafuna upande mmoja, kama kawaida yake. Mke aliliona hilo, akainamisha macho. Mumewe aliona macho yameinama, akaelewa vingine.

 

Alfajiri fundi alisali kwa muda mrefu kuliko siku zote. Alimwomba Mungu amwonyeshe ukweli wa nyumba yake, hata kama ni mchungu. Aliomba kwa moyo, paji la uso likiwa limekunjamana, na hakutaja ni ukweli gani. Alipomaliza alikwenda moja kwa moja getini. Hakupiga mswaki, hakunywa chai. Alichukua kufuli kubwa la kibandani, akalitia kwenye komeo, akalibana, akasimama nje ya geti na ufunguo mfukoni.

Mke alitoka akiwa amevaa gauni la kushinda nalo nyumbani, kichwani kitambaa cha kawaida. Alivuta geti. Likagoma.

"Fungua."

"Niambie kwanza huyo ni nani kwako."

"Ni daktari wa meno. Fungua, nitachelewa."

"Daktari wa meno anajuaje kama unaniogopa?"

Mke alilivuta geti tena. Jirani mwenye jogoo alipita na ndoo yake, akasalimia, akaona kufuli, akapunguza mwendo kwa makusudi.

"Kulikoni, fundi? Geti limekwama?"

"Nalijaribu."

"Geti zuri hilo," alisema jirani. "Halimtoi mtu."

Aibu ilimpanda mke shingoni. Aliegemea geti kwa upande wa ndani, akafumba macho, na midomo yake ikaanza kusali kimya kimya, maneno ambayo mumewe hakuyasikia, maana hayakuelekezwa kwake.

Bibi Kibogoyo alitokea kibarazani, shuka begani. Alimtazama mkwewe, akalitazama kufuli, akamtazama mwanawe kupitia katikati ya vyuma.

"Umemfungia kwa nini?"

"Mama, haya mambo ni ya watu wawili."

"Ya watu wawili yasingefungwa kwenye geti la watu watatu. Na mimi nikitaka kutoka?" Alimgeukia mkwewe. "Hebu, mwanangu, nipulizie."

"Mama?"

"Nipulizie hapa usoni. Mimi sina aibu."

Mke alimpulizia. Bibi Kibogoyo alirudi nyuma hatua moja, akajipepea kwa ncha ya shuka.

"Hujapiga mswaki."

"Haturuhusiwi, mama. Wanachukua mate kabla hatujala wala kusukutua, waone wadudu walivyo wenyewe."

Mama mtu akalishika geti kwa mikono miwili. "Mwanangu, mimi nimeishi nyumba nyingi na nimesikia mengi. Mwanamke anayekwenda kwa hawara asubuhi bila kupiga mswaki, huyo bado hajazaliwa. Fungua geti."

Jirani alikohoa, ndoo ikamwagika kidogo. Fundi aliingiza ufunguo, akakosea tundu, akaingiza tena. Geti lilipofunguka hakusogea.

"Nakwenda na wewe," alisema.

Mke alisita, kama mtu aliyekuwa akingoja kusikia maneno hayo hayo na sasa yamemtisha. "Njoo," alisema. "Lakini usije ukasema sikukuficha kwa wema."

 

Ukumbi wa utafiti ulikuwa nyuma ya hospitali, chumba kirefu chenye benchi la mbao na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Watu waliokaa pale walikuwa wa rika na kazi mbalimbali, na wote waliongea wakiwa wamegeuza nyuso pembeni kwa ajili ya pumzi zao. Fundi alichagua ukutani. Alijipanga. Daktari akitokea, atamuuliza maneno mawili tu, mbele ya watu.

Aliyetokea kwanza ni nesi, mwanamke mnene mwenye viatu vya kitambaa. Alimwona mke, akamwona fundi nyuma yake, akapiga makofi kimya kimya.

"Ndiye yeye?"

"Ndiye," alisema mke.

"Kaka, karibu sana. Tumekungoja mpaka tumekata tamaa. Leo umepiga mswaki?"

Fundi alitazama benchi zima likimtazama. "Sikupata nafasi."

"Umekunywa chai?"

"Hapana."

"Umefanya vizuri sana," alisema nesi, na alimaanisha. Fundi alijipanga kutukanwa, alijipanga kupigana, lakini hakujipanga kusifiwa kwa uchafu wa mdomo. Kabla hajajua amekaa kwenye kiti kirefu kinacholaza, taa imemwelekea usoni.

Daktari aliingia akivaa glavu. Fundi alikuwa amemchora kichwani mara nyingi: mrefu, shingo safi, saa ya kung'aa. Huyu alikuwa mtu mfupi mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na shati lake lilitokeza kola iliyochakaa chini ya koti jeupe. Sauti tu ndiyo ilikuwa ile ile. Kwa namna fulani hilo lilimuudhi fundi zaidi. Mtu mzuri wa sura angeeleweka.

"Shikamoo," alisema daktari, maana fundi alimzidi umri.

Fundi hakupata njia ya kukataa. "Marahaba."

"Nadhani jana ulinisikia kwenye simu. Nilidhani ni mama. Nisamehe." Alivuta kiti cha magurudumu, akakaa karibu naye. "Ni hivi. Ugonjwa wa fizi unaletwa na wadudu. Tumeona mgonjwa anasafishwa, anapona, kisha wengine wanaugua tena, wengine hawaugui. Tunajiuliza kama wadudu wanarudi kutoka kwa mtu anayeishi naye. Ndiyo maana tunaomba wenzi waje wapimwe. Mkeo tumemwomba mara nyingi. Anasema kesho, kesho."

"Kwa nini?" aliuliza fundi, lakini alimuuliza mkewe, aliyesimama karibu na sinki.

Mke alitazama sakafu.

"Hatujafika huko," alisema daktari taratibu. "Kwanza nikwambie, hakuna wa kukulazimisha. Ukikataa, unainuka unakwenda, na mkeo hapotezi kitu. Yeye pia yuko huru kuacha siku yoyote. Ila lazima aseme yeye mwenyewe. Mtu mwingine hawezi kumtoa."

Ufunguo wa kufuli ulikuwa bado mfukoni mwa fundi, na alivyolazwa pale ulimchoma paja. "Pima," alisema.

Alitema mate kwenye kichupa. Daktari akachukua chuma chembamba chenye alama kama rula ndogo, akakipenyeza kati ya fizi na jino kupima kina kwa milimita. Fundi alikuwa mtu wa vipimo. Alijua sauti ya mtu anayepima kitu kizima na sauti ya anayepima kilichooza.

"Tano," daktari alimwambia nesi, aliyekuwa akiandika. "Sita. Inatoa damu. Sita. Saba."

"Mke wangu aliwahi kufika saba?" aliuliza fundi glavu zilipotoka mdomoni.

"Hakuwahi."

Chuma kikarudi. Lilipofikiwa jino la mbele la chini, daktari alilishika kwa vidole viwili, nalo likaitika kama kitasa kilicholegea. Hakusema namba. Alimtazama nesi, nesi akaandika.

"Maswali machache tu," alisema nesi, akiinua kichwa. "Ya kawaida, kila mtu tunamuuliza. Mnatumia kikombe kimoja?"

"Ndiyo."

"Mnalala kitanda kimoja?"

"Ndiyo."

"Mnabusiana?"

Feni ilisikika kutoka ukumbini. Taa ilimwakia fundi usoni, na mwanamume aliyemwonea wivu kwa majuma alikuwa pale pale, akiwa na damu yake kwenye glavu.

"Zamani," alisema.

Mke alifungua bomba la sinki, akalifunga, bila kunawa chochote.

"Ni harufu," alisema hatimaye, akiongea na sinki. "Kwanza ilikuwa yangu, na wewe hukuwahi kuniambia kitu, ulivumilia. Nikasafishwa, yangu ikaisha. Ndipo nikaanza kuisikia yako. Ningekuambiaje? Kwa kinywa gani, wakati wewe yangu ulinisitiri? Nikageukia ukutani. Nikasema nitakuambia kesho. Na mama naye, akisikia, atafanya utani mtaa mzima."

"Kwa hiyo ukamwambia huyu."

"Ndiyo."

"Kabla yangu."

"Yeye aliniuliza," alisema mke. "Aliniuliza, mama, unaogopa nini? Wewe umeniuliza mambo mengi, baba watoto. Hilo hujawahi."

Daktari aliinuka, akasema anakwenda kutafuta pamba, ingawa bakuli la pamba lilikuwa limejaa mbele yake. Fundi alibaki amelala, mikono tumboni. Wivu haukumtoka kwa sababu amepata maelezo. Ulihama tu. Haukuwa tena wa shingo safi na saa ya kung'aa. Sasa alimwonea wivu yule mtu mfupi kwa jambo dogo, swali moja, ambalo hata yeye fundi angeweza kuliuliza akiwa amekaa kibarazani na kulipata bure.

Jino la mbele la chini halikuweza kuokolewa. Daktari alimwambia waziwazi, na pia kwamba mengine yanaweza, akikubali kusafishwa, kisha akaling'oa. Kwa mke, kipimo kilionyesha fizi zimeshika na sukari imeshuka tena. Alipewa siku ya usafishaji wa mwisho. Mumewe alisikia habari hizo mbili pamoja, pamba mdomoni.

 

"Amekung'oa?" aliuliza Bibi Kibogoyo walipoingia getini. Alimshika mwanawe kidevu, akamchungulia. "Karibu. Kiti changu cha uji kina nafasi."

"Mama," alisema mke.

"Nacheka nini? Sicheki." Kisha kizee kikatulia. "Mimi nilidhani ni ukoo. Mama yangu yalimtoka, mimi yakanitoka, nikasema ndivyo tulivyoumbwa. Nikamshukuru Mungu kwa fizi ngumu. Kumbe ni ugonjwa?"

"Ni ugonjwa, mama. Daktari amesema," alijibu mke, na mara akajuta maneno hayo, akamtazama mumewe.

Fundi alikuwa akilitoa kufuli kwenye komeo. Alilitia kwenye mfuko wa vifaa, chini kabisa.

Jioni, jirani alipita akauliza juu ya ukuta kama geti sasa linafanya kazi. Bibi Kibogoyo akamjibu kwamba geti ni zima, aliyekuwa amekwama ni jogoo. Wote uani wakacheka. Fundi naye alicheka, na mkono wake ukapanda wenyewe, kiganja kikafunika mdomo. Mke wake aliuona mkono ule. Aliujua. Ulikuwa wake kwa miaka mingi.

Alimaliza mshono, akakata uzi, akachukua kopo la maji na burashi mbili, akamfuata bombani nyuma ya nyumba. Alimwonyesha jinsi ya kuilaza burashi kwenye ukingo wa fizi na kuizungusha taratibu. Mikono yake fundi, iliyozoea kukwangua kutu, ilisugua kwa nguvu mno. Mke akaishika taya yake kwa vidole vya cherehani, akaigeuza kwenye mwanga uliobaki.

"Polepole. Si geti hilo."

Alitema damu na maji. Alisukutua, akasimama akiutazama mchanga unavyonywa. Ulimi wake ulikwenda kwenye pengo jipya, ukarudi. Alitaka kusema kwamba amekosa, lakini neno hilo alikuwa amekwisha kumwambia Mungu njiani, na aliona kwamba kwa mke wake halikutosha.

"Siku ya kwanza," alisema, "ulipolazwa kwenye kile kiti. Ulikuwa unaogopa nini?"

Mke alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alichagua pa kuanzia, kisha akaanza kumsimulia. Fundi alichuchumaa mbele yake ili asikie, mkono wake ukiwa chini, mdomo wazi.